Kiangazi ndiyo baridi yetu: Panda maua ya tunguu kabla mvua za Septemba hazijaanza

KILA mwaka kati ya mwezi wa Machi na Mei, televisheni hutuonyesha mashamba ya Uholanzi yaliyojaa maua ya tulipu, mekundu, ya njano na meupe, yamepangwa kwa mistari mirefu hadi macho yanapoishia. Picha hizo zikishapita, hakosekani mtu wa kuniuliza: “Mwalimu, maua yale hayawezi kuota hapa kwetu?”

Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua kwamba pembeni mwa nyumba yangu, katika milima ya Bururi kusini mwa Burundi, nina matuta manne ya maua yenye tabia kama ile ya tulipu. Hulala ardhini sehemu ya mwaka, kisha huamka na kuchanua majira yanapobadilika.

Makala hii inaeleza kwa nini tulipu hazitufai, maua gani yanatufaa badala yake, na namna ya kuyatunza katika bustani ya nyumbani, hata kwa mtu ambaye eneo lake ni dogo kama langu.

Kitunguu kilichosahaulika jikoni

Darasani kwangu somo hili huanza na kitunguu maji. Kila anayepika amewahi kukuta kitunguu kilichosahaulika kwenye kikapu kimechipua majani ya kijani, bila udongo wala tone la maji. Je, kimepata wapi nguvu?

Kikate kwa kisu kutoka juu hadi chini, jibu utaliona. Yale matabaka meupe ni majani yaliyonenepa, yaliyohifadhi chakula na maji. Chini kuna kitako kigumu ambapo mizizi huchomoza, na katikati kuna kichipukizi kinachosubiri wakati wake.

Maua mengi yana umbile hilo hilo, na ndiyo maana nayaita maua ya tunguu. Mengine, kama gladiola, huhifadhi chakula chake katika shina lililovimba chini ya ardhi, linalofanana zaidi na kiazi. Kwa mkulima wa nyumbani kanuni ni karibu ile ile.

Mmea wa aina hii ni kama mkulima mwenye ghala. Wakati wa neema majani hutengeneza chakula na kukishusha chini. Shida ikija, iwe baridi kali au ukame, mmea huyaacha majani yake yafe, ukajifungia ardhini na kungoja.

Kwa nini tulipu hazitufai

Asili ya tulipu si Uholanzi kama wengi wanavyodhani. Zilitoka katika milima ya Asia ya Kati, Waturuki wakazilima kwa miaka mingi katika bustani za masultani wao, ndipo zikafika Ulaya magharibi. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alizipanda katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1593, na mwaka uliofuata zikachanua.

Wazungu hupanda matunguu hayo kati ya Septemba na Novemba, kabla ardhi haijaganda. Majira ya baridi yote tunguu linakuwa ardhini. Watu hudhani limekufa, kumbe baridi ile ndiyo inayoliandaa. Tulipu huhitaji kati ya wiki 12 na 16 za baridi, kwa kawaida chini ya nyuzi joto 9, ili shina lirefuke na ua litoke vizuri majira ya kuchipua yanapofika.

Sasa hebu tujiulize, baridi hiyo tutaitoa wapi? Hata sisi wa milimani, ambao asubuhi za Julai hatutoki nje bila sweta, hatupati wiki 12 mfululizo za baridi ya namna ile. Mchana jua likiwaka, ardhi inapata joto tena. Tulipu ikipandwa hapa bila maandalizi hutoa majani machache, pengine na ua dogo lililokwama chini, kisha basi.

Wapo wanaoliweka tunguu kwenye jokofu kwa miezi mitatu au minne kabla ya kulipanda. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inataka umeme usiokatika. Tena jokofu hilo lisiwe na ndizi mbivu wala matunda mengine yanayoiva, kwa kuwa matunda hayo hutoa gesi inayoliua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu. Na baada ya kazi yote hiyo unapata maua kwa siku chache tu, na mwaka unaofuata huna budi kuanza upya.

Sisi tunacho kiangazi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri. Mimea ya tunguu haikuumbwa yote kwa ajili ya barafu. Mingi ni ya kwetu Afrika, na iliyo mingi hulala kwa sababu ya ukame. Kwa mimea hiyo, kiangazi, ambacho kwa Kirundi tunakiita Ici, kinafanya kazi ile ile inayofanywa na baridi kule Ulaya.

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua inakatika, ardhi inakauka na tunguu linapumzika. Mwezi wa Septemba, wakati wakulima wanaanza msimu wa Agatasi na watoto wanarudi shuleni, mvua za kwanza zinaliamsha. Kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi yetu ya kuchipua. Anayejua hivyo hana haja ya kuionea wivu Uholanzi.

Ua linaloonyesha jambo hili kuliko yote ni lile jekundu la mviringo, kubwa kama chungwa au zaidi, lenye nyuzi nyingi kama brashi. Wataalamu wanaliita Scadoxus multiflorus. Linapatikana sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Mara nyingi hutangulia kutokea lenyewe juu ya ardhi iliyo tupu, majani yakifuata baadaye.

Mimi nililifahamu nikiwa mtoto mkimbizi. Wazazi wangu walikimbia mauaji ya mwaka 1972, nami nikazaliwa na kusomea katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Kule mvua huanza kiasi cha Novemba, na tukienda porini kuokota kuni tuliyakuta maua hayo chini ya miti ya miombo, siku chache baada ya mvua za mwanzo.

Hakuna mtu wa kwetu aliyeyapanda nyumbani. Watu wazima walipanda mahindi, maharage na tumbaku, mazao ya kuvuna mwaka huo huo. Kila mwaka ilisemwa kwamba mwaka ujao tutarudi, kwa hiyo kupanda kitu cha kudumu kulionekana kama kukubali kwamba haturudi.

Mstari wa maua kwenye njia ya zamani

Tulirudi mwezi wa Agosti mwaka 2009. Baba alikwishafariki huko Tanzania, na Mama ndiye pekee kati yetu aliyekijua kilima chetu. Aliolewa hapo akiwa msichana, akaishi miaka miwili tu kabla ya kukimbia.

Tulikuta familia nyingine inalima shamba lile, na watoto wao wamezaliwa pale pale. Nyumba ya babu haikuwepo tena, ua wa minyaa ulikuwa umeng'olewa, na Mama hakuweza kuonyesha mahali penyewe mlango ulipokuwa. Alichokumbuka ni kwamba mama mkwe wake alipanda maua mekundu kando ya njia ya kuingilia nyumbani. Kwa wakati ule ardhi ilikuwa kavu, hapakuwa na ua hata moja. Vijana wa kilimani wakamcheka kidogo.

Mwishoni mwa Septemba, baada ya mvua ya tatu au ya nne, yakatokea. Yalikuwa tisa, yamekaa karibu mstari mmoja pembeni mwa shamba la maharage, mahali ambapo jembe halikuwa likifika. Miaka 37 ilikuwa imepita.

Nisieleweke vibaya. Maua si hati ya ardhi, na hayakuamua shauri. Walioamua ni wazee wa kilima, Bashingantahe, pamoja na majirani waliokumbuka mipaka, na mwishowe shamba liligawanywa nusu kwa nusu kwa maelewano. Tunaishi kwa amani na familia ile hadi leo, na watoto wao wawili nimewafundisha. Lakini siku ile maua yalipotokea, hakuna aliyemcheka Mama tena, na mzungumzo yakaanza kwa heshima.

Kutokana na hayo nilielewa mmea huu ni wa namna gani. Ukiupanda mahali pake na usipousumbua, unaweza kukaa kuliko nyumba.

Yapi ya kupanda

Kwa bustani ya nyumbani katika maeneo yetu ya juu, napendekeza aina nne.

La kwanza ni hilo ua jekundu la mviringo. Hupenda kivuli chepesi, kwa mfano chini ya mti wa parachichi au kando ya migomba. Ncha ya tunguu iwe karibu na usawa wa ardhi. Baada ya kuchanua, majani yake mapana hubaki mazuri kwa miezi mingi.

La pili ni gladiola, ambayo wengi tunaiona kanisani na kwenye harusi. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya aina za gladiola ni za Afrika, na kwamba Gladiolus dalenii, inayoota mwituni hadi huku kwetu, ni mmoja wa wazazi wa gladiola kubwa zinazouzwa duniani leo. Panda kina cha sentimeta 10 hadi 15, mahali penye jua la kutosha. Huchanua kati ya siku 70 na 100, kwa kutegemea aina na baridi ya mahali. Waweza kupanda Septemba, na tena Februari.

La tatu ni amarilisi, lenye maua makubwa kama tarumbeta. Hilo asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini limezoea nchi zetu. Usilifukie lote, shingo ya tunguu ibaki juu ya udongo. Linataka mapumziko ya ukame ya wiki nane hadi kumi, na kiangazi chetu kinalitosheleza.

La nne ni ua dogo la mvua, Zephyranthes, jeupe au la waridi. Ni zuri kwa kingo za njia, kwa kuwa halichukui nafasi na huchanua siku chache tu baada ya mvua kubwa.

Namna ya kupanda na kutunza

Kazi ianze katika wiki mbili za mwisho za Agosti. Tifua udongo hadi sentimeta 30, changanya na mbolea ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huozesha tunguu. Udongo ukiwa mzito, ongeza mchanga na uinue tuta, kwa sababu adui mkubwa wa tunguu katika milima yetu ni maji yanayotuama.

Kanuni ya jumla ya kina ni kufukia mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu, isipokuwa yale niliyoyataja juu. Ncha itazame juu na kitako chini. Acha sentimeta 10 hadi 15 kati ya gladiola na gladiola, na 30 kati ya amarilisi na amarilisi.

Maua yakishanyauka, kata bua la ua tu. Majani usiyaguse! Wengi huyafyeka kwa sababu yanaonekana machafu, lakini hayo ndiyo yanayojaza ghala kwa ajili ya mwaka ujao. Yaache mpaka yageuke manjano na kuanguka yenyewe.

Kiangazi kikifika, acha kumwagilia. Hili ndilo gumu kwa mtu mwenye huruma na mimea, maana anaona tuta limekauka naye ana ndoo ya maji mkononi. Ndugu msomaji, iache ndoo. Tunguu linalomwagiliwa kiangazi chote halipumziki, na lisilopumzika ama huoza ama hutoa majani matupu.

Gladiola ni vizuri kuichimbua majani yakikauka. Utakuta kiazi cha zamani kimenyauka na kipya kimekaa juu yake, pamoja na watoto wengi wadogo kama punje za mahindi. Vianike kivulini, kisha vihifadhi ndani ya kikapu mahali pakavu penye hewa. Hayo mengine yaache ardhini. Kila baada ya miaka mitatu au minne, yakisongamana, yachimbue mwishoni mwa kiangazi na kuyagawa.

Si ya kuliwa

Ipo hatari moja ambayo ni lazima kila nyumba iijue. Mengi ya matunguu haya yana sumu. Lile jekundu la mviringo limetumika sehemu kadhaa za Afrika kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Amarilisi na maua ya jamii yake nayo yana sumu inayoleta kutapika na kuumwa tumbo, na kwa mtoto mdogo hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Mbuzi na ng'ombe nao hawako salama.

Wapo watakaosema kwamba Waholanzi walikula matunguu ya maua. Ni kweli. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, nchi yao ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, watu wa miji ya magharibi walikula tulipu kwa sababu ya njaa kali. Lakini hiyo ilikuwa tulipu, na hata hiyo iliandaliwa kwa maelekezo maalumu. Usijaribu kwa maua yako.

Kwa hiyo usihifadhi matunguu ya maua jikoni pamoja na vitunguu vya kupikia. Yaweke ghalani kwenye kikapu chenye alama, mbali na watoto. Nawa mikono baada ya kuyashika. Mtoto akila, apelekwe kituo cha afya mara moja, na kipande cha tunguu lenyewe kichukuliwe ili mganga akione.

Vile vile, usiende kuyachimba porini. Kusini mwa Tanzania, katika nyanda za Kitulo ambazo wenyeji waliziita Bustani ya Mungu, viazi vya maua ya okidi vilichimbwa kwa wingi kwa ajili ya chakula na kuuzwa hadi Zambia. Eneo hilo likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ili kuyalinda maua yake. Sisi tunao msitu wa Bururi uliohifadhiwa, nao tuuache kama ulivyo. Omba kwa jirani mwenye fungu lililosongamana. Hakuna anayepungukiwa kwa kugawa.

Na maharage je?

Swali hili nimeulizwa na Mama mwenyewe: “Mwanangu, nusu ya shamba tumeitoa, na nusu iliyobaki unapanda maua?”

Ni swali la haki. Katika nchi ambayo mashamba ni madogo na familia ni kubwa, siwezi kumshauri mtu aondoe maharage aweke amarilisi. Ninachoshauri ni kutumia sehemu ambazo chakula hakistawi: chini ya mti, kando ya njia, ukingo wa tuta la kuzuia mmomonyoko, na kuta za nyumba. Matuta yangu manne yote yako mahali pa namna hiyo.

Faida nayo ipo, ingawa ni ya kiasi. Gladiola huuzwa kwa ajili ya harusi, Krismasi na makaburi siku ya Novemba 1. Kwa mwenye mtaji mdogo, viazi ishirini vya mwanzo vikitunzwa vizuri huzaa mbegu za miaka ijayo bila kununua tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Ila faida ninayoithamini zaidi siihesabu kwa faranga. Mwaka 2015 watu wa kilima chetu walikimbia tena, wengine wakarudi baada ya miaka kadhaa. Hata leo, kila jambo likitokea, utasikia mtu akiuliza kama ni busara kujenga kwa tofali au kupanda mti. Mazoea hayo ya kuishi kama msafiri nimelelewa nayo, na nawaona wanafunzi wangu wakiyarithi bila kujua.

Ndiyo maana kila mwanafunzi wa darasa langu hupanda tunguu moja mwezi wa Agosti nyumbani kwao, na kuandika kwenye daftari tarehe ya mvua ya kwanza, ya jani la kwanza na ya ua. Mengine hayachanui mwaka wa kwanza, hasa yakiwa madogo. Hapo mtoto huambiwa aliache pale pale na aandike tena mwakani. Msichana mmoja alisubiri misimu mitatu. Ua lilipotoka alikuwa amekwisha kuhamia shule nyingine, lakini alikuja na daftari kuniletea tarehe.

Mama naye hulalamika mpaka leo kuhusu maua yangu. Hata hivyo, ifikapo mwisho wa Agosti, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kama samadi imeshaoza.